Premio na Allion za 2001 hadi 2007: namna ya kutofautisha injini za 1NZ, 1ZZ na 1AZ D-4 kabla ya kulipa

Magari matatu ya Toyota Premio ya umbo lile la kwanza, lililotoka Japani kuanzia Desemba 2001 hadi katikati ya 2007, yanaweza kupangwa yadini ubavu kwa ubavu, yote ya rangi ya fedha, yote yenye viti vya kitambaa vile vile na dashibodi ile ile yenye nakshi ya mbao, na mnunuzi asione tofauti yoyote isipokuwa bei. Hata hivyo, la kwanza linaweza kuwa na injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, la pili 1ZZ-FE ya lita 1.8, na la tatu 1AZ-FSE ya lita 2.0, ambayo mtaani inajulikana kwa jina moja tu la D-4. Allion, iliyozaliwa siku moja na Premio, ina sura tofauti ya mbele na nyuma, lakini chini ya boneti ni hizo hizo. Anayenunua kwa kutazama bodi na usafi wa ndani hununua nusu ya gari. Nusu nyingine ni injini, nayo ndiyo itakayoamua ni fundi gani atamhitaji, spea atazipata wapi na petroli ya kituo gani ataweza kuiweka bila wasiwasi.

Nazungumzia umbo hili kwa sababu bado liko tele mikononi mwa watu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hiyo Premio hizi zinazouzwa Nairobi au Mombasa leo zote zimekwisha kutumika nchini kwa miaka mingi, na nyingi zimepita kwa wamiliki watatu au wanne. Tanzania bado inaruhusu magari ya umri huu kuingia, ingawa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, lakini hapa pia wengi hununua lile lililokwisha kusajiliwa, la namba C au namba D (herufi ya kibao chake cha usajili), kutoka kwa dalali au kwa mwenye nalo. Gari la namna hiyo lina historia ambayo haimo kwenye karatasi. Injini inaweza kuwa si ile iliyotoka nayo Japani, nembo ya nyuma inaweza kuwa imebadilishwa, na muuzaji mwenyewe anaweza kuwa hajui anachouza.

Anza na namba ya chesisi

Namba ya chesisi ya Toyota iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni fupi, na sehemu yake ya mwanzo ina maana inayosomeka. Katika umbo hili la Premio na Allion, NZT240 ni lita 1.5, ZZT240 ni lita 1.8, ZZT245 ni ile ile ya lita 1.8 lakini inayosukumwa na magurudumu yote manne; na AZT240 ni lita 2.0 ya D-4. Herufi ya T pamoja na 240 zinataja familia ya bodi na kizazi chake, na herufi zinazotangulia zimetolewa katika jina la injini: NZ, ZZ, AZ. Kisha hufuata kistari na tarakimu saba za gari lenyewe.

Namba hii imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Fungua boneti, washa tochi ya simu, futa vumbi kwa kitambaa na uisome herufi kwa herufi, kisha uilinganishe na kadi ya gari, au logibuku kwa walioko Kenya. Katika chumba hicho hicho cha injini hukaa kibati chembamba cha chuma chenye maandishi ya Kijapani. Maandishi hayo yasikutishe, kwa kuwa unachohitaji ni jina la injini na tarakimu zinazofuatwa na cc: 1496, 1794 au 1998. Kama gari ndiyo kwanza linatoka bandarini, omba kuona cheti cha Japani cha kuuza gari nje. Humo injini imetajwa kwa jina fupi, na ujazo umeandikwa kwa lita, 1.49, 1.79 au 1.99.

Nembo ya buti ni ushahidi dhaifu kuliko vyote. Allion huandikwa A15, A18 au A20, na Premio hutofautishwa kwa vibandiko kama F kwa lita 1.5 na X kwa lita 1.8, lakini herufi hizo zimebandikwa kwa gundi tu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu kutazama Allion iliyokuwa safi kupita umri wake, nyuma imeandikwa A18, na bei yake ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Kifuniko cha plastiki juu ya injini kilikuwa na neno VVT-i peke yake, jina la mfumo wa valvu wa Toyota uliomo katika injini zote tatu, bila D-4 popote. Kibati kikasema AZT240, cc 1998. Nilipomwonyesha muuzaji, aliinama, akakitazama muda mrefu, kisha akasema, “Kaka, mimi nililinunua likiwa na hiyo A18 yake.” Niliamini kwamba alisema kweli. Kifuniko cha plastiki kinatoka kwa kubanduliwa tu na kinaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na nembo inauzwa dukani. Mtu akimwuzia mwenzake bila kusoma kibati, kosa linarithiwa.

Kwa hiyo, ondoa kifuniko hicho na utazame injini yenyewe. Katika 1NZ na 1ZZ, petroli hufika kwa mpira wa kawaida hadi kwenye reli yenye nozeli nne zinazoonekana, kila moja na plagi yake ya waya, zikiwa zimechomekwa kwenye njia ya hewa. Katika 1AZ-FSE utaona pampu ndogo imara iliyofungwa kwenye silinda hedi, na kutoka kwenye pampu hiyo bomba la chuma tupu, nene kama kalamu, lililokazwa kwa nati. Bomba hilo la chuma ndilo alama ya D-4. Nozeli zenyewe zimezama ndani ya hedi na huzioni kirahisi.

Hatua ya mwisho ni namba ya injini, iliyogongwa kwenye bloku. Ikianza kwa 1ZZ wakati chesisi inasema AZT, ujue injini imebadilishwa. Wapo wamiliki waliochoshwa na D-4 wakaweka injini nyingine, na mtu akifanya hivyo vizuri si jambo baya kwa gari, lakini mabadiliko hayo lazima yawe yameandikishwa, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya. Vinginevyo utanunua pia usumbufu wa kuhamisha umiliki.

Ipo dalili moja zaidi, ya barabarani. Premio ya lita 1.5 na ya lita 1.8 zina gia ya otomatiki ya kawaida yenye hatua nne, na mabadiliko yake unayahisi kidogo mgongoni. Ile ya lita 2.0 ina gia ya CVT isiyo na hatua. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu ya wastani, mshale wa mizunguko hupanda hadi mahali fulani na kutulia hapo huku mwendo ukiendelea kuongezeka.

1NZ-FE: ndogo, inayojulikana na kila fundi

Hii ni injini ya cc 1496, yenye nguvu za farasi 109, na ni ile ile iliyomo katika IST ya lita 1.5, Probox, Fielder, Raum, Sienta na magari mengine mengi yanayojaa barabara zetu. Faida yake kubwa kuliko zote inatokana na wingi huo. Koili, pampu ya maji, sensa, hata injini nzima iliyotumika, vyote vinapatikana Kahama kama vinavyopatikana Kariakoo, na fundi kijana aliyejifunza kwa mwaka mmoja amekwisha kuifungua mara kadhaa. Kwa mtu ambaye gari ndilo riziki yake, au anayeishi mbali na mji mkubwa, jambo hili lina uzito kuliko nguvu za farasi.

Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, sawa na zile nyingine mbili, kwa hiyo swali la kawaida la “mkanda ulibadilishwa lini?” halina kazi hapa. Swali hilo ni la Corona Premio iliyotangulia, yenye 4A, 7A na 3S, ambazo zote zilikuwa za mkanda. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, lakini inategemea oili safi. Injini ikiwa imepoa kabisa, iwashe ukiwa umesimama upande wa cheni. Mlio wa kukwaruza unaodumu kwa sekunde chache na kurudi kila asubuhi ni dalili kwamba cheni imelegea au kikaza cheni kimechoka, na mara nyingi chanzo ni mwenye gari aliyechelewesha kumwaga oili.

Udhaifu wake katika Premio ni uzito wa gari lenyewe. Bodi hii na abiria watano pamoja na mizigo ni kazi kubwa kwa lita 1.5. Mjini, katika foleni za Dar es Salaam, hutaona shida yoyote, na ndiyo itakayokunywa petroli kidogo kuliko wenzake. Ukipanda Kitonga ukielekea Iringa na familia nzima ndani, au Kikopey ukitoka Nakuru, utalazimika kuikamua, gia itashuka, sauti itapanda, na ule uchumi wa mafuta uliokuvutia utapungua sana. Nimesikia watu wakilalamika kwamba 1NZ “inakula” kuliko walivyoahidiwa. Nikiwauliza wanaiendesha wapi, mara nyingi jibu ni safari ndefu za milimani.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bloku yake ni ya aluminiamu yenye kuta nyembamba za chuma ndani ya silinda, na haikukusudiwa kuchongwa ili kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Ikichakaa hadi kutoa moshi wa buluu, njia yenye busara kwa kawaida ni kuweka injini nyingine iliyotumika, si oveholi ya kuchonga. Kwa kuwa injini hizo ni nyingi, gharama hiyo haivunji mgongo.

1ZZ-FE: inayofaa gari hili kuliko nyingine, kwa sharti moja

Cc 1794 na nguvu za farasi 132, au 125 katika ile ya ZZT245. Hii ndiyo injini ninayoiona imelingana na bodi ya Premio. Inatoka bila kulalamika, inapanda mlima ikiwa na abiria, na katika safari ndefu ulaji wake wa petroli haupishani sana na wa 1NZ kwa sababu haihitaji kukamuliwa. Wish ya lita 1.8, Corolla ya lita 1.8, Opa na RAV4 ya lita 1.8 zote zilikuwa nayo, hivyo spea nazo ni nyingi, ingawa si kila kijiji.

Sharti ninalolisema ni oili. 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa mbaya iliyo ya kweli: pistoni zake zilikuwa na matundu machache na madogo ya kurudishia oili chini, na oili ikichelewa kumwagwa, masizi huyaziba matundu hayo, ringi za oili hukwama mahali pake, na kuanzia hapo injini huanza kunywa oili kimya kimya. Toyota ilirekebisha pistoni baadaye. Premio na Allion zilifanyiwa mabadiliko ya sura Desemba 2004, taa na grili zikabadilika, na kama bei inaruhusu ningechagua gari la baada ya mabadiliko hayo. Kibati husaidia hapa pia: herufi CBA au DBA mbele ya namba ya modeli zinaonyesha gari lililokidhi kiwango cha moshi cha Japani cha 2005, yaani kundi la baadaye.

Kuitambua 1ZZ inayokunywa oili kunahitaji utulivu, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa ameongeza oili asubuhi hiyo hiyo. Kwanza, fungua buti na uinue kapeti. Dumu la oili lililofika nusu, likiwa limelazwa pembeni ya tairi la akiba na kitambaa cheusi juu yake, limenieleza mambo mengi kuliko maelezo ya wenye magari. Mtu ambaye injini yake haipungukiwi oili hana sababu ya kutembea na dumu. Pili, vuta kijiti cha kupimia oili na utazame rangi pamoja na kiwango. Tatu, acha injini ingurume bila kukanyagwa kwa dakika tano au zaidi, kisha mwombe mwenzako akanyage mafuta ghafla huku wewe umesimama nyuma ukitazama ekzosi. Wingu la buluu linalotoka mara moja na kupungua ni oili. Nne, pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi injini ikiwa imepoa. Masizi makavu ni ya kawaida kwa gari la umri huu, lakini utando mweusi unaonata kama grisi si wa kawaida.

Kuvuja ni jambo jingine, na wala halina uzito huo. Kikaza cheni cha 1ZZ kina pete ndogo ya mpira inayokauka kwa umri, na oili huteremka ubavuni mwa injini ikawatia watu hofu ya bure. Fundi huibadilisha pete hiyo kwa muda mfupi, na bei yake ni ndogo. Ukiona injini imelowa upande wa cheni, itumie kupunguza bei, usiitumie kulikataa gari.

Kuhusu ZZT245 sina mengi. Ni injini ile ile, ikiwa na uzito zaidi na vyungu vya gia na shafti za nyuma ambazo spea zake ni adimu. Kama huishi mahali penye tope la kudumu, huna unachokipata.

1AZ-FSE: D-4 na sababu ya bei yake kuwa chini

Watu wengi wanaijua D-4 kwa hofu tu, na hofu isiyo na maelezo humfanya mtu akimbie pale asipopaswa na apumbazwe pale anapopaswa kukimbia. Kwa hiyo ni vema kueleza inavyofanya kazi.

Katika injini ya kawaida, nozeli hunyunyiza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu, na mchanganyiko wa hewa na petroli huingia pamoja ndani ya silinda. Petroli hiyo, kwa kupita juu ya valvu kila mzunguko, huiosha. Katika D-4, pampu inayozungushwa na kemshafti huikandamiza petroli kwa presha inayozidi mara ishirini ile ya injini ya kawaida, na nozeli huipiga moja kwa moja ndani ya silinda. Herufi S katika jina 1AZ-FSE inasimamia jambo hilo hilo. 1AZ-FE isiyo na S, iliyowekwa katika baadhi ya RAV4 zilizouzwa nje ya Japani, ni injini ya kawaida, na watu huzichanganya kila siku. Toyota ilianza kuuza D-4 mwaka 1996 katika Corona Premio, ikiwa na injini ya 3S-FSE, na 1AZ-FSE ni hatua iliyofuata. Lengo lilikuwa kuchoma petroli kidogo zaidi bila kupoteza nguvu, na ikiwa nzima inatimiza ahadi hiyo: ina nguvu za farasi zaidi ya 150, na ulaji wake katika mwendo wa utulivu hauonyeshi kwamba ni lita 2.0.

Matatizo yake yanafuata njia ile ile ya ubora wake. Kwa kuwa petroli haipiti tena nyuma ya valvu, mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kwenye njia ya hewa hukaukia hapo, tabaka juu ya tabaka, hadi valvu iliyopaswa kung’aa inaonekana kama sufuria iliyounguza ubwabwa. Hewa hupita kwa shida, injini hutetemeka ikiwa imesimama, huzima kwenye taa za barabarani, na nguvu hupungua polepole kiasi kwamba mwenye gari huizoea hali hiyo bila kuitilia shaka. Dawa ni kufungua njia ya hewa na kusafisha kwa mkono. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kufika mahali ambapo petroli yenyewe haifiki, na anayekuuzia chupa ya dawa hiyo kwa ajili ya valvu za D-4 anakupotezea fedha.

Pampu nayo hulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Petroli yenye maji, uchafu au mafuta ya taa huila. Uchakachuaji haukuwa jambo dogo kwetu: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu za kutambulisha mafuta halali) katika mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya kuukabili, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwenye mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya. Hali ni bora kuliko ilivyokuwa, lakini gari la 2003 lililoingia nchini miaka kumi na zaidi iliyopita limekwisha kunywa mafuta ya zama zile. Pampu ikichoka, gari huwaka kwa shida, hukosa nguvu ukikanyaga, na pampu nyingine iliyotumika hununuliwa kwa kubahatisha.

La tatu ndilo ninalolihofia zaidi, na halihusiani na D-4 hata kidogo. Familia hii ya AZ ina bloku ya aluminiamu ambamo boliti za kufungia silinda hedi zimekamatwa na nyuzi zilizochongwa kwenye aluminiamu hiyo. Kwa umri na joto, hasa gari likiwa limewahi kuchemsha au limezoeshwa maji ya bomba badala ya kulanti, nyuzi hizo hung’oka, hedi huinuka kidogo, na maji huanza kupotea. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii, maana boliti haina tena mahali pa kushika. Inabidi kutobolewa upya na kuwekewa nyuzi za chuma, kazi ya karakana yenye vifaa, au kuondoa injini nzima. Chunguza kwa tochi upande wa nyuma wa injini, pale hedi inapokutana na bloku. Michirizi mikavu ya rangi ya waridi au nyeupe mahali hapo inatosha kukufanya uage kwa heshima. Kisha, injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha radieta, iwashe, na utazame kama mapovu yanaendelea kutoka hata baada ya hewa ya kawaida kuisha.

Ongeza hapo gia ya CVT, ambayo inataka mafuta yake maalumu. Fundi aliyeijaza mafuta ya gia ya otomatiki ya kawaida ameiua tayari, hata kama bado inatembea. Muulize muuzaji ni mafuta gani yaliwekwa mara ya mwisho. Akijibu “yale mekundu ya kawaida,” umepata jibu.

Hayo yote yanaeleza kwa nini AZT240 nzuri kwa macho huuzwa chini ya ZZT240 yenye bodi iliyochoka. Mlinganisho huo huo utaukuta katika magari mengine ya zama hizo: Wish ya ZNE ni lita 1.8 na ya ANE ni D-4. RAV4 ya ZCA ni lita 1.8 na ya ACA20 au ACA21 kutoka Japani ni D-4. Noah ya AZR60 haikuwa na chaguo jingine ila 1AZ-FSE. Umbo la pili la Premio, lililotoka Juni 2007, lina lita 2.0 tofauti kabisa, 3ZR-FAE, ambayo nozeli zake zimerudi kwenye njia ya hewa. Anayekataa kila Premio ya lita 2.0 kwa kusikia tu “lita mbili ni D-4” anaweza kuliacha gari zuri la ZRT261.

Ipi kwa nani

Kodi isikushawishi kati ya hizi tatu. Zote ziko juu ya cc 1,000 na chini ya 2,000, na katika ushuru wa Tanzania ukubwa wa injini hauzitenganishi. Uamuzi ubaki kwenye kazi ya gari.

Mwalimu anayetoka Mbezi kwenda Posta kila siku na kusafiri kwao mara mbili kwa mwaka, anayetaka gari lisilomdai kitu, achukue NZT240, na atumie fedha aliyookoa kubadilisha oili, plagi na mafuta ya gia wiki ya kwanza, hata akiambiwa vimebadilishwa juzi. Mwenye familia ya watu watano, au anayeendesha mara kwa mara kati ya Arusha na Dodoma, aitafute ZZT240, ikiwezekana ya baada ya Desemba 2004, na asikubali kulipa kabla ya ile dakika tano ya kusimama nyuma ya ekzosi. Nikiwekewa 1NZ iliyochoka na 1ZZ isiyonywa oili kwa bei moja, sitasita kuchukua 1ZZ. Nikiwekewa 1ZZ inayonywa oili na 1NZ nzima, nitachukua 1NZ na nitavumilia milima.

AZT240 namshauri mtu wa aina moja tu: anayeishi mji mkubwa, mwenye fundi aliyekwisha kuisafisha D-4 kwa mikono yake na ana kompyuta ya kusoma presha ya pampu, anayejaza petroli kituo kile kile anachokiamini, na ambaye amelipata gari lenye bei pungufu kiasi cha kubaki na akiba ya pampu au ya injini. Mtu huyo atapata gari tulivu lenye nguvu kuliko wenzake. Shemeji yangu hakuwa mtu huyo, kwa kuwa kazi yake ni Tunduru, na siku ile tuliondoka bila Allion. Wiki tatu baadaye alipata ZZT240 yenye mikwaruzo mlango wa nyuma, na kabla hajauliza bei alikuwa amekwisha kuinamia kibati na tochi mkononi.